Kazi ya Karani Msaidizi Wakati wa Maafa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanya kazi wa feri, wapakizi wa mizigo na wanachama wa reli walio nyumbani, Luanda Kotieno



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa kazi. Maji yakija tunamsifu mwenye mashua, tunamsifu kijana aliyembeba mzee mgongoni, tunampigia makofi dereva wa lori la unga. Hiyo ni haki yao. Lakini yuko mtu mwingine ameketi kwenye dawati la shule chini ya mti, ana daftari, kalamu, na simu inayokaribia kuzima. Serikali humwita karani msaidizi. Watu humwita "yule wa kuandika". Mimi nasema ya kwamba kwa kalamu ya mtu huyo wengine hula na wengine hulala njaa, wengine hutafutwa majini na wengine husahauliwa. Kwa hivyo yafaa tumjue, tumsaidie, na tumdaie haki yake kama tunavyomdaia mfanya kazi mwingine yeyote.

Mimi mwenyewe si karani. Mimi ni mtu wa gengi ya njia ya reli, kazi yangu ni mataruma, kokoto na makalvati. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na mwalimu wetu alikuwa mkali sana juu ya mwandiko. Mwandiko huo ndio uliomfanya nyapara anipe mimi mastaroli ya gengi niiandike. Katika mafuriko ya mwaka 2024 nilikuwa likizo kwa jamaa zangu huko bonde la Kano. Mtakumbuka ya kwamba mwaka ule shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zikafunguliwa tarehe 13 Mei kwa sababu ya mvua, na shule nyingi zilizo mahali pa juu zilikuwa zimegeuka kambi za watu. Katika shule moja walitafuta mtu wa kumsaidia karani, nikaketi naye siku kumi na moja. Mengi ninayosema leo niliyaona pale mezani.

Kwanza tujue karani huyu anasimama wapi. Baada ya mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997, Serikali ilianzisha kituo cha taifa cha kushughulikia maafa, huko Nairobi, mwezi wa Januari 1998. Halafu Katiba ya mwaka 2010 ikazipa kaunti nazo kazi ya maafa na zima moto. Tena kuna Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambao uliundwa kwa sheria mwaka 1965. Chifu na naibu wa chifu wako chini ya Serikali ya taifa. Basi katika kambi moja tu unaweza kukuta madaftari matatu: la chifu, la kaunti, na la Msalaba Mwekundu, na kila moja lina hesabu yake. Lori likija na unga, linakuja kwa hesabu ya daftari moja. Wale walioandikwa katika mengine mawili wanabaki wakitazama. Kila jioni karani niliyekaa naye alikuwa akiwatafuta wenzake wawili, wakasoma majina kwa sauti mpaka madaftari yakubaliane. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Ilikuwa kazi ya saa mbili, mwanga ulikuwa wa tochi, na mbu walikuwa wengi.

Kazi ya kwanza ya karani ni kuandika saa. Mtu anapiga simu kusema maji yameingia nyumba za upande wa mto. Karani anaandika: saa tisa na robo usiku, aliyepiga ni fulani, nambari yake ni hii, mahali ni nyuma ya kanisa fulani, amesema hivi. Haandiki "usiku" tu, wala haandiki "watu wengi". Kwa maana baada ya nusu saa mtu wa pili atapiga simu juu ya nyumba zile zile, na kama saa na mahali havikuandikwa, mashua mbili zitakwenda mahali pamoja, na mahali pengine haitakwenda hata moja. Sisi wa reli tumelijua jambo hili tangu zamani. Steshen masta hapeleki treni kwa kusema "nadhani njia ni wazi". Huuliza stesheni ya mbele, hungoja jibu, huandika saa ya jibu. Waliotangulia walifanya hivyo kwa kuwa waliona treni zikigongana.

Sasa nije kwenye majina, na hapa nitakaa kidogo.

Mahali hapa panaitwa Luanda Kotieno, yaani Luanda ya kwa Otieno. Fikirini karani anayeandika "Otieno" halafu anafunga daftari. Kila mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku ni Otieno, wa kike ni Atieno, na usiku ni mrefu. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Okoth au Akoth, na nina hakika kambi za mwaka 2024 zimetuletea akina Okoth wengi. Mimi niliona kwa macho yangu watu wanne wakiinuka pamoja walipoitwa kwa jina moja, na blanketi lilikuwa moja.

Kwa mama zetu shida ni kubwa zaidi. Mama huyu kijijini anaitwa nyar-Seme kwa jina la kwao. Kanisani ana jina la ubatizo. Kwenye kitambulisho ana jina la mume aliyekufa zamani. Watoto wake wanamwita kwa jina la mtoto wa kwanza. Akiandikwa Jumatatu kwa jina la kijijini na Alhamisi akaitwa kwa jina la kitambulisho, hataitika, kwa sababu jina lile hajaitwa nalo miaka kumi. Na asipoitika, mgao wake utarudi stoo, au utakwenda kwa mtu ambaye sikio lake ni jepesi. Dawa yake si ngumu. Karani wetu aliandika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, kijiji, na pembeni kabisa jina ambalo majirani humwita. Wakubwa waliokuja kukagua walicheka ule mstari wa pembeni. Lakini ndio uliowafikisha watu kwenye unga.

Siku hizi msaada mwingine huja kwa simu, kwa M-Pesa. Ni jambo jema, maana pesa haziwezi kunyeshewa. Lakini laini ya mama mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mwanawe aliye Nairobi, na pengine hata simu yenyewe ilichukuliwa na maji. Tarakimu moja ikikosewa, pesa za mjane wa Ahero zinamwangukia mtu asiyejulikana, na kumwomba azirudishe ni kazi nyingine. Kwa hivyo karani mzuri hasikii nambari kwa sikio tu. Huipiga pale pale, simu ilie mbele yake, ndipo aandike.

Tena kuna neno "kaya" katika fomu. Fomu zinakuja zimeandikwa "idadi ya kaya", na aliyeziandika ofisini alifikiri nyumba ni mlango mmoja, mume, mke na watoto. Ninyi mnajua dala ilivyo. Lango ni moja, lakini ndani kuna nyumba ya mke mkubwa, ya mke wa pili, na nyumba za wana waliooa, kila moja na chungu chake. Karani mgeni huhesabu lango, akaandika kaya moja, na watu ishirini na wawili wakapewa mgao wa watu watano. Mzee mwenye dala ataona haya kugombana, atakaa kimya. Wake zake watakaa kimya mchana, usiku watagombana wao kwa wao. Karani niliyekaa naye alikuwa mtu wa huko huko, alikuwa na kanuni yake: hesabu meko. Moto unaowashwa peke yake ni kaya moja. Na kwa kuwa kambini watu hupika pamoja, hakuuliza wanapikaje sasa, aliuliza walikuwa wakipika namna gani kabla ya maji.

Sisemi ya kwamba watu wa mafuriko ni malaika. Wako waliojiandikisha kambi mbili kwa siku moja, asubuhi huku na jioni kule. Wako waliowaleta watoto wa jirani wahesabiwe kuwa wao. Lakini niliona pia ya kwamba karani aliyekuwa akifoka na kuwashuku watu wote aliwafukuza wanyonge tu, kwa maana mjanja hafukuziki kwa kufokewa. Mjanja huzuiwa na madaftari mawili yanaposomwa pamoja, na mzee wa kijiji akiwa ameketi kando.

Wavuvi wa kuhamahama nao wana shida yao. Kijana wa omena anafuata samaki. Mwezi huu yuko hapa, mwezi ujao yuko upande wa Homa Bay au Busia. Naibu wa chifu hamjui. Kitambulisho kiko kwao. Maafa yakija ufukoni, kijana huyu hana mtu wa kumshuhudia. Mahali jina lake liwezapo kupatikana ni kitabu cha kamati ya ufuo, ile tunayoiita BMU, kama kitabu kile kinaandikwa vizuri. Nawaomba wanakamati walio hapa wakitazame kitabu chao, na wajiulize kama kinaweza kumsaidia karani siku ya shida, au kama kimekaa kwa ajili ya kukusanya ada tu.

Neno dogo juu ya hofu. Pale kambini alikuwako mzee mmoja aliyekataa kabisa kuandikwa. Alisema katika maisha yake ameona orodha nyingi za Serikali, na hakuona orodha iliyomletea mtu heri. Vijana walimcheka. Mimi sikucheka. Wazee wa Kenya waliposikia neno "Emajensi" hawakufikiri mafuriko. Walifikiri hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa mwezi wa Januari 1960, wakati ambapo kuandikwa jina kulikuwa mwanzo wa kukamatwa. Mtu aliyekulia katika hadithi hizo hawezi kuiamini kalamu mara moja. Karani wetu alimpa mzee lile daftari alishike mwenyewe, akamwambia mjukuu wake amsomee kilichoandikwa juu ya watu wa nyumbani kwake. Baada ya hapo mzee akakubali, akasahihisha na majina mawili.

Sasa nije ziwani, kwa kuwa sisi tulioketi hapa tunaitazama feri ikienda Mbita na kurudi, na ndugu zetu wengine wamo ndani yake kwa kazi.

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa meli ya Shirika la Reli la Tanzania, maana huko nako, kama kwetu zamani, reli ndiyo iliyokuwa na meli za ziwa. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya meli ilikuwa na majina 443 ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Nataka neno hilo mlisikie vizuri. Waliolipa zaidi waliandikwa. Waliolipa kidogo, yaani mama mwenye mikungu ya ndizi, kijana anayekwenda Mwanza kutafuta kazi, na mtoto aliyebebwa bila tiketi, hao hawakuandikwa mahali popote. Na ndiyo sababu mpaka leo hesabu ya waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 800, na wengine husema karibu 1,000. Kati ya hesabu hizo mbili wamo watu wengi, ndugu zangu. Hao ni watu, kila mmoja na mama yake, na walipotea kwa njia mbili, kwanza majini na halafu kwenye karatasi. Sisi chama cha wafanya kazi, abiria wetu tangu zamani ni wa daraja la tatu.

Miaka ishirini na miwili ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa karibu kufika gatini. Kilikuwa cha kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa 41. Siku zile habari zilisema ya kwamba aliyekata tiketi naye alikufa, na mashine yake ya tiketi ikazama pamoja naye, kwa hivyo hapakuwa na mtu ufukoni aliyeweza kusema ni watu wangapi walioingia. Tazameni. Mwaka 1996 watu wa daraja la tatu hawakuandikwa. Mwaka 2018 walihesabiwa kwa mashine ya kisasa, lakini hesabu ikasafiri pamoja nao. Orodha inayozama na abiria haina faida kwa mzamiaji aliye juu ya maji akiuliza, "Bado wangapi?"

Kazi ya karani siku ya ajali ya namna hiyo ni nzito kuliko zote, na hatuisemi. Ndiye anayeketi mahali maiti wanapoletwa. Asiyejulikana haandikwi "hajulikani" peke yake. Anapewa nambari, na mbele ya nambari huandikwa mahali alipopatikana, saa, nani alimtoa, rangi ya nguo, kovu, meno, pete, viatu. Nambari ile ile hufungwa kwenye mkono wa maiti. Jina haliandikwi mpaka jamaa aseme, na hata akisema, karani huuliza tena taratibu, kwa kuwa mtu mwenye uchungu huweza kumtambua asiyekuwa wake. Na mtoto aliyeokolewa akiwa peke yake hapewi mtu yeyote anayekuja akilia, hata akilia sana, mpaka iandikwe ni nani, anatoka wapi, na nani anamjua. Ukiwa umekaa mezani hapo siku nzima, usiku hulali. Karani wetu aliwahi kufanya kazi hiyo mara moja, na hakutaka kuisimulia ila yale ya kunifundisha.

Kuna na maafa mengine ya ziwa ambayo hayana kelele. Kati ya 1961 na 1964 ziwa letu lilipanda zaidi ya mita 2. Mwezi wa Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifikia tena alama ya mwaka 1964 na kuipita kidogo. Ufukoni huku mliona wenyewe, maji yaliingia vibandani, vyooni na mashambani. Na mwanzo wa mwezi ule ule Serikali ilisema ya kwamba mafuriko yamekwisha kuua watu zaidi ya 190 katika Kenya nzima. Walioathiriwa na mito waliandikwa haraka, kwa sababu mto huja kwa siku moja. Lakini ziwa hupanda kidole kwa kidole. Fomu inauliza "tarehe ya tukio". Mama ambaye shamba lake la mboga limeliwa polepole kwa miezi minne aandike tarehe gani? Nilisikia karani mmoja akimwambia mtu wa namna hiyo ya kwamba bila tarehe hakuna tukio. Huo ni ujinga wa fomu, na karani mwenye akili huandika siku ambayo mtu alilazimika kulala mahali pengine. Hiyo ndiyo tarehe.

Juu ya vyakula na mablanketi sitasema mengi, maana ninyi wapakizi mnajua kuliko mimi. Gunia likitoka stoo liwe na hati yake yenye nakala tatu: moja ibaki stoo, moja iende na dereva, moja itiwe sahihi na anayepokea baada ya kuhesabu, wala si kabla. Dereva huwa na haraka, na husema "tia sahihi tu, mwenzangu, tutahesabu baadaye". Gorogoro ya kupimia iwe moja kwa kambi nzima, tena isiwe imebonyezwa tako. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba mbele ya jina lake, wala si mwisho wa ukurasa. Nimeona ukurasa wenye vidole thelathini vya mtu mmoja.

Na sisi wa gengi tusijione tuko mbali na jambo hili. Tarehe 29 Aprili 2024 huko Mai Mahiu maji yaliua makumi ya watu usiku wakiwa wamelala. Kwanza ilisemwa bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikaeleza ya kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa takataka, maji yakajaa nyuma ya tuta, na mwisho yakabomoa. Kitabu ambacho gengi huandika "kalvati nambari hii imesafishwa, nambari hii imeziba, tunahitaji watu" ni kitabu cha maafa kabla maafa hayajaja. Kiandikwe, na ofisi ikisome. Kikiandikwa bila kusomwa, basi tutabaki na nakala yetu.

Nimefika sasa kwa karani kama mfanya kazi. Yule niliyekaa naye, nami sitaitaja ofisi yake, alichukuliwa kwa maneno ya mdomo tu: njoo utusaidie kuandika. Hakupewa barua. Hakupewa buti, na maji ya kambi yalikuwa yamechanganyika na ya vyoo. Aliugua tumbo siku ya tisa, akaendelea kuandika amelala ubavu. Malipo yake yalikuja wakati watu walikuwa wamekwisha kupanda tena mahindi, na yalikuwa pungufu kwa siku nne, kwa kuwa siku hizo hazikuwamo katika mastaroli ya ofisi. Aliyeandika watu wote, mwenyewe hakuandikwa.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema ya kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyoweza kumalizika kwa chini ya miezi mitatu, si kibarua tena. Anahesabiwa kuwa mwenye mkataba. Na mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe. Sheria ya fidia ya kuumia kazini, nayo ya 2007, inawahusu hata walioajiriwa na Serikali, isipokuwa wanajeshi. Mwajiri akipata habari ya ajali ana siku saba za kuipeleka kwa mkurugenzi anayehusika. Mfanya kazi akifa kwa ajali ya kazi, wanaomtegemea wana haki ya fidia ya mapato ya miezi 96. Lakini yote hayo yanamtafuta mtu mwenye ujira unaojulikana. Anayeitwa "mtu wa kujitolea" leo na "karani wetu" kesho, sheria haimwoni vizuri. Kwa hivyo mtu akikuita kuandika wakati wa maafa, nenda, usikatae, watu wasife kwa sababu ya barua. Lakini siku ya pili omba karatasi, hata nusu ukurasa, yenye jina lako, siku ulipoanza, na ujira wa kila siku. Wakisema hakuna nafasi ya kuandika, iandike wewe mwenyewe, nao watie sahihi tu. Na ukinyimwa, leta habari hiyo kwa chama mapema, wala si baada ya mwaka.

Wengine watasema makarani hao si wanachama wetu, tuhangaike nao kwa nini. Jibu langu ni la mtu wa gengi. Siku ambayo jina la mwanachama wetu litatafutwa, litatafutwa katika daftari la karani huyo.

Basi Bwana Mwenyekiti, kwa ruhusa ya kamati, daftari la tawi liko mezani tangu sasa. Kila mwanachama aandike majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, nambari, jina la kuitwa nyumbani, kijiji na naibu wa chifu wake, halafu jina la mrithi wake na simu ya mrithi. Nasema ya mrithi, si yako, kwa maana simu yako itakuwa nawe huko majini. Nakala moja itabaki hapa, ya pili nitaichukua Kisumu. Wenye mashua ziendazo visiwani, nimewaletea madaftari manne yenye karatasi za kaboni: jani la juu liachwe ufukoni kwa muuza chai kabla mashua haijasukumwa, jani la chini liende na nahodha, na watoto waandikwe pia, hata wanaobebwa mgongoni. Kalamu ziko mbili, moja wino wake unakaribia kwisha, kwa hivyo tuanze na wazee.